Kadiri ya Udhaifu

Wako wanaohoji kwamba udhaifu ulioingia katika viumbe ni dalili ya upungufu katika kuumba kwenyewe, na kwamba ukamilifu ungetaka kila kitu kishikamane na mwenziwe pasiwepo nafasi ya kuachana. Rai hiyo nimeipima kwa faiba, ile inayoundiwa boti katika pwani zetu, wala sikuiona ikisimama.

Faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizozamishwa katika rezini iliyoganda. Kioo ni chepesi kuvunjika, na rezini ikishaganda nayo ni vivyo hivyo, ilhali viwili hivyo vikikutana hustahimili mapigo ambayo kimojawapo peke yake kisingeyahimili. Siri imo mpakani mwao. Mnamo 1964 wanachuoni J. Cook na J. E. Gordon, nchini Uingereza, walibainisha kwamba mbele ya ncha ya ufa hutangulia mvuto wa pili, unaoelekea kule kule ufa unakokwenda, na kadiri yake ni kama sehemu moja kwa tano ya mvuto mkuu unaoupanua ufa. Basi mshikamano wa mpakani ukiwa mdogo kuliko kadiri hiyo, mpaka hubanduka kabla ufa haujawasili, na ufa ufikapo hukuta uwazi, ncha yake ikapoteza makali, ukageuka kufuata urefu wa uzi, na nyuzi za nyuma zikasalimika. Lau mshikamano ungezidi, ufa ungepita uzi hadi uzi hata chombo kizima kikapasuka. Nao ukipungua mno, rezini haiwezi kuutwika uzi mzigo wake, ndiyo maana viwandani nyuzi hupakwa dawa ya kushikisha, tena kwa kipimo.

Sisemi kwamba kubanduka huko si hasara, kwani mahali palipoachana hapajiungi tena penyewe, na maji ya bahari hupata njia ya kupenya. Kilichookoa chombo kimetoa uhai wake, na jambo hili halina budi kutuhuzunisha hata tunaposhukuru. Wala si kila udhaifu ni neema, maana ufa nao ni udhaifu, na huo ni shari tupu.

Basi anayetaka kuufanya udhaifu wa viumbe kuwa hoja dhidi ya Muumba wao, na atubainishie kwanza umewekwa wapi, na kwa kadiri gani. Asipoweza hayo, hoja yake haijatimia.