Litang'oka Lenyewe

Wanangu, neno hili nimelisikia huku Eastlands, Nairobi, kwenye ngazi za ghorofa za Umoja, kwenye foleni za maji Dandora, kwenye meza za sukuma wiki pale Mutindwa, hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Ni jino la utoto tu, litang'oka lenyewe." Anayelisema si mzazi mbaya. Mara nyingi ni mama aliyetoka nyumbani kabla ya alfajiri kuwahi matatu ya Jogoo Road, akarudi giza limeshaingia, akamkuta mtoto ameshika shavu. Anatafuta neno la kumtuliza, na hilo ndilo lililo karibu. Nimezeeka nikilijibu. Nitalijibu tena leo, polepole, maana kukemea hakujanisaidia.

Kweli litang'oka. Swali ni lini. Mtoto ana meno 20 ya utoto. La kwanza hutokeza akiwa na miezi sita hivi, na akifika miaka mitatu huwa yametimia. Ya mbele huanza kulegea kwenye miaka sita. (Enzi zetu jino liking'oka tulilirusha juu ya paa la mabati tukaomba jipya. Wajukuu zangu wanaishi ghorofa ya tano, wananiuliza walirushe wapi.) Lakini magego ya utoto, yale mapana ya nyuma anayotafunia githeri, hukaa mpaka miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na miwili. Sasa piga hesabu nawe. Mwanao ana miaka minne, gego limetoboka. Ukisema utangoja ling'oke, umemwambia akae na lile tundu miaka sita au zaidi. Ndiyo miaka ya kujifunza kusoma, ndiyo miaka ya kuongeza kimo. Nimefundisha shule za mitaa hii tangu wengi wenu hamjazaliwa, na wapo watoto walioitwa wazembe darasani ambao hawakuwa na uzembe wowote. Walikuwa hawajalala kwa jino.

Na halingoji. Ganda gumu la jino la utoto ni jembamba, karibu nusu ya lile la ukubwani, na kiini chenye mishipa hakiko mbali chini yake. Kitone cheusi ulichokiona wakati wa Krismasi kinaweza kuwa jipu kabla shule hazijafunga Agosti. Usaha ule hukaa juu ya kichwa cha jino la ukubwani linaloumbwa ndani ya taya, na jino hilo laweza kuja na dosari mtoto atakayokwenda nayo maisha yake yote.

Kisha kuna suala la nafasi. Mnajua mtungi unavyoachwa kwenye foleni ya bomba, mwenyewe akaenda kukoroga uji. Ukiondolewa, wa nyuma husogea mbele, na mwenyewe akirudi hana pa kusimama. Gego la utoto lina kazi hiyohiyo. Liking'olewa mapema, la nyuma yake huinama kwenye pengo, na la ukubwani likifika hutokea kando au hukwama ndani. Halafu mtoto anafika sekondari anaona haya kucheka, nanyi mnaulizia bei ya kunyoosha meno kwa waya. Ulizieni, kisha mkae chini kwanza.

Hapa nisikilizeni kuliko kwingine. Mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utoto huota gego jingine. Halisukumi jino lolote, halitanguliwi na pengo, halitoi damu. Huja kimya. Kwa kuwa mtoto bado ni mdogo, mzazi hulihesabu pamoja na ya utoto, na likioza husema lile neno lake. Si la utoto hilo! Ni la ukubwani, moja kila upande, juu na chini, manne kwa jumla, na likitoka hakuna jingine linalokuja mahali pake. Nimeona vijana wa kidato cha kwanza wamekwisha kung'olewa mawili, na mama zao wanaapa kwamba yalikuwa ya utoto. Leo jioni mwambie mtoto afungue kinywa, umulike kwa tochi ya simu. Hesabu kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma. La sita ndilo. Mifereji yake ni mirefu na chakula hukwama humo, lakini daktari wa meno anaweza kuiziba kwa utando mwembamba kabla haijaoza, bila sindano na bila maumivu.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilipima vinywa vya Wakenya nchi nzima, na kwa watoto takriban mmoja kati ya wanne alikutwa na jino lililooza. Sikushangaa. Tazama kioski kilicho mbele ya lango la shule yoyote huku: mabuyu mekundu, pipi za shilingi moja moja, barafu za rangi ndani ya nailoni, biskuti, juisi ya unga. Siwaambii mumnyime mtoto kila kitu, nimelea, najua. Nawaambia jinsi uozo unavyofanya kazi. Vijidudu vya mdomoni hula sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi hulilainisha jino kwa muda wa nusu saa hivi mpaka mate yaitulize. Mtoto akimaliza mabuyu yake kwa mara moja baada ya chakula cha mchana, mate yatafanya kazi yao. Mtoto huyohuyo akiyafyonza moja moja kutoka saa nane mpaka jua linazama, meno yake hayakupumzika hata kidogo, na pesa iliyotumika ni ileile. Wazazi wengi huhesabu shilingi. Hesabuni pia ni mara ngapi kwa siku.

Usiku ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto akilala mate hupungua. Chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, au uji mtamu, ikibaki mdomoni hadi asubuhi, meno ya mbele ya juu huanza kuwa na weupe wa chaki karibu na fizi, kisha huwa hudhurungi, kisha hubaki visiki. Akidai chupa usiku, tia maji. Atalia siku mbili tatu. Na ninyi wenzangu, cucu, dani, kukhu, mnaoachiwa wajukuu kutwa nzima: najua mtoto akinyamaza nyumba inapumua, lakini pipi ya kumnyamazisha ina gharama, na anayeilipa si ninyi.

Mswaki ni mara mbili kwa siku, na ile ya usiku isikose. Kila mtoto awe na wake. Dawa ya meno iwe na floridi, pakiti imeandikwa 1000 au zaidi. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Kutoka hapo mpaka sita, kiasi cha njegere moja. Ateme mate, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye jino. Hiyo ni nafuu pia kwa nyumba ambazo maji ya kanjo huja mara moja kwa juma. Na umpige mswaki wewe mwenyewe. Mpaka siku atakapoweza kufua soksi zake zikatakata, mkono wake haujaweza kazi hii.

Wengine hunijibu kwamba floridi ndiyo inayotia meno madoa ya kahawia. Mna sehemu ya ukweli, lakini mmeishika pabaya. Madoa yale hutokana na floridi nyingi inayomezwa jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, na huku kwetu inaingia zaidi kwa maji. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi iliyopita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na boza la maji linalopanda Kayole bomba zikikauka mara nyingi limejazwa kisimani. Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua, floridi hubaki. Maji ya bomba yanayotoka Ndakaini hayana taabu hiyo. Ukiyapata, wekea mtoto mdogo ya kunywa, ya kisima uyafulie. Dawa ya meno ya punje moja iacheni ifanye kazi yake.

Sasa niseme jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, hanyonyi vizuri. Jirani anamfungua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi, anasema: hayo ni meno ya plastiki, yatoke au mtoto atakufa. Anaitwa mtu, anakuja na kisu au spoki ya baiskeli, anachimbua. Tanzania huyaita meno ya nailoni, Uganda wana jina lao, na huku Eastlands, tulikochanganyika watu wa kila upande, imani hiyo imeingia na mizigo ya watu. Wanangu, hakuna meno ya plastiki. Ule uvimbe ni chonge la mtoto linalojiumba, na lingetokeza lenyewe baada ya mwaka wa kwanza. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kupungukiwa na maji mwilini, na tiba yake ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki, vinavyopatikana zahanati. Spoki humwongezea kutokwa damu, pepopunda na sumu kwenye damu, na mara nyingi huliharibu hata chonge la ukubwani lililo chini. Ninayemlaumu si mama. Alikuwa na hofu usiku wa manane, na aliyekuwa karibu ndiye aliyemsikiliza. Lakini wewe uliyesoma haya, ukiitwa usiku kama huo, shika mtoto na uelekee hospitali pamoja na mama yake.

Tumefika kwenye matibabu, na hapa ndipo uchovu hunishika kweli. Kwanza mtoto anatibiwa jikoni: karafuu, chumvi, kidonge cha maumivu kilichosagwa na kubandikwa kwenye fizi mpaka inababuka. Kisha duka la dawa, kapsuli chache za viuavijasumu bila kumaliza dozi. Maumivu yanalala, tundu linaendelea. Shavu likifura ndipo anapelekwa, na kufikia hapo kilichobaki ni kung'oa. Halafu mnaniambia madaktari wa meno wanajua kung'oa tu.

Wanajua mengi. Tundu likiwa dogo huzibwa, na si lazima kwa ile mashine inayolia. Ipo njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno inayotoa floridi, na haikuletwa kutoka mbali. Ilianzia kwa jirani zetu Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakiwa Dar es Salaam, kwa kuwa kliniki za vijijini hazikuwa na umeme wa kuendesha mashine. Leo inafanywa dunia nzima. Ipo pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo hupakwa kwenye tundu na kusimamisha uozo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Huigeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi, basi usije ukapiga kelele kwamba daktari ameharibu mtoto. Uozo ukifika kwenye kiini, gego laweza kutibiwa na kuvishwa kofia ya chuma, likae kazini mpaka siku yake ya kung'oka.

Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko hapohapo Kangundo Road tangu 2011, na ina kitengo cha meno. Shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, ni safari ya matatu mbili, lakini huko wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Ukiona kibao cha "daktari wa meno" juu ya duka la simu, omba kwa adabu kuona leseni yake. Aliye halali hatakasirika. Uvimbe ukishuka chini ya taya, au jicho likianza kufungwa, au mtoto akashindwa kumeza, usingoje kliniki ya asubuhi. Nenda usiku huohuo. Na mtoto akianguka ngazini jino la utoto likatoka, usilirudishe. Likiwa la ukubwani, liweke kwenye maziwa, na mfike kwa daktari kabla ya saa moja kupita.

Nawe baba, acha kumtisha mtoto kwamba akilia utamwita daktari amdunge sindano. Umemfundisha kuogopa mlango ambao siku moja utamkokota kuuingia. Mpeleke akiwa hana maumivu, mwaka wake wa kwanza, akachezee kile kiti kinachopanda na kushuka.

Pesa? Sitawadanganya kwamba ni bure, na bima ya afya ya SHA ulizeni dirishani inalipa nini kabla ya kupanga foleni. Lakini mkiingia kwa daktari msiseme, "Ling'oe tu, ni la utoto." Semeni, "Tunataka kuliokoa." Akiwaonyesha kwamba haliokoleki, mwulizeni jambo moja zaidi kabla hajavaa glavu: la ukubwani chini yake bado liko miaka mingapi, na lile pengo ataliwekea kishikizo gani cha kulinda nafasi.