Gia Moja kwa Barabara Zote

Anayeunda baiskeli ya gia moja lazima achague namba mbili: idadi ya meno ya sproketi ya mbele, ile ya kwenye pedeli, na idadi ya meno ya sproketi ya nyuma, ile ya kwenye gurudumu. Baada ya hapo hakuna kitufe wala waya wa kumwokoa. Mlima ukija, upepo ukija, abiria akipanda nyuma, namba ni zile zile. Ni swali la kifundi, lakini naliona limebeba swali jingine: unachaguaje leo kitu utakachoishi nacho kesho, wakati hujui kesho ina mlima gani?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua meno 48 mbele na 16 nyuma. Gawanya, unapata 3, maana yake pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara tatu. Gurudumu la baiskeli ya mbio lina mzingo wa karibu mita 2.1, basi kila mzunguko wa mguu unakusogeza mita 6.3. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika unakwenda kilomita 34 kwa saa. Kwenye tambarare, bila mzigo, ni raha tupu. Kwenye kilima, ukiwa umetoka kusimama, magoti yanalia. Sasa shusha mbele hadi 42 na pandisha nyuma hadi 18. Kila mzunguko unakuwa mita 4.9. Unapanda vizuri, ila kwenye barabara iliyonyooka miguu inazunguka kama ya mtu anayefukuzwa na nyuki, na bado watu wanakupita.

Kuna mahali pamoja ambapo gia moja inaweza kuwa kamili: kiwanja cha mbio cha duara. Mwaka 1972 Eddy Merckx aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja mjini Mexico City akitumia 52 kwa 14. Mwaka 2022 Filippo Ganna alifika kilomita 56.792 akitumia 65 kwa 14. Wote wawili walijua kila kitu kabla ya kuanza: hakuna kilima, hakuna mbuzi barabarani, na kazi ni ya dakika 60. Ukishaondoa yote usiyoyajua, jibu sahihi linapatikana. Sisi wengine tunachagua tukiwa nje ya kiwanja.

Jambo linalonivutia zaidi linahusu baiskeli zisizo na frewili, zile ambazo pedeli haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka. Baadhi ya waendeshaji wake husimama kwa kukaza miguu: pedeli zinagoma, gurudumu la nyuma linaburuzika, tairi linasagika. Mtu hukaza akiwa na mguu ule ule mbele kila mara. Kama gia yake ni 48 kwa 16, gurudumu limezunguka mara tatu kamili kwa kila mzunguko wa pedeli, kwa hiyo sehemu ya tairi inayogusa lami anapokaza ni ile ile, siku zote. Tairi linatoboka mahali pamoja huku sehemu nyingine zote zikiwa mpya. Ongeza jino moja tu nyuma, liwe 17. Namba 48 na 17 hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1, na sehemu za kusagika zinakuwa 17 badala ya moja. Mwendo karibu haubadiliki, lakini tairi linaishi muda mrefu zaidi.

Namba inayogawanyika vizuri ndiyo inayoua tairi. Nikifikiria hilo, nakumbuka familia nyingi ninazozijua, ambazo mipango yake inapendeza kwa sababu haina ugomvi. Mama akiugua, anapigiwa dada yule yule. Ada ya mdogo ikipungua, inatoka mfuko ule ule. Hakuna kikao wala majadiliano, kila zamu inaangukia alipo, na wengine wote wako salama na wana shukrani. Kisha siku moja dada hapokei simu na watu wanashangaa, mbona alikuwa sawa? Wangekuwa na mpango wenye makombo kidogo, unaosumbua kidogo kuupanga, mzigo ungezunguka.

Nirudi kwa wanaosifu gia moja kama tabia njema. Baba yao ni Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903. Yeye mwenyewe aliwahi kushika rekodi ya saa moja, kilomita 35.325, mwaka 1893. Aliamini kubadili gia kunawafaa waliovuka umri wa miaka 45, na kwamba ushindi wa kweli ni wa misuli, si wa mashine. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa washindani wake walipanda milima ya Alps na Pyrenees wakiwa na gurudumu lenye sproketi pande mbili. Chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu, wakaligeuza, wakaendelea. Vibadili gia viliruhusiwa mwaka 1937, baada ya yeye kuachia usukani.

Sina ubishi na mtu anayejinyima gia. Kujinyima kuna utamu wake: ukishaacha kutafuta gia bora unaanza kuisikia barabara. Ninachokikataa kwa Desgrange ni kuyafanya maumivu ya miguu ya wengine kuwa ushahidi wa imani yake, tena akiuza magazeti kwa maumivu hayo. Aliyechagua kufunga anajua futari iko wapi.

Nenda Burundi uone upande wa pili. Kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara inashuka hadi Bujumbura, karibu na mita 800. Vijana huiteremka na baiskeli za gia moja zilizosheheni mikungu ya ndizi hadi fremu haionekani. Kurudi juu ni jambo jingine. Hakuna sproketi ya kawaida inayoweza kupandisha baiskeli ile kilomita zote zile kila siku na mwenyewe akabaki na nguvu ya kesho, kwa hiyo wengi hushika nyuma ya lori na kuvutwa. Ni hatari, na wengine hufia hapo. Mtu wa Berlin aliyelipa fedha nzuri ili aondolewe gia na kijana huyu ambaye hakuwahi kuwa nazo wanaendesha kitu kinachofanana sana. Kuita vyote viwili urahisi wa maisha ni matusi kwa mmoja wao.

Tena hata kujinyima kwa hiari hakuishii kwako. Sproketi ya nyuma ikiwa ndogo, mwendo unaongezeka, na kuzuia gurudumu kwa miguu kunakuwa kugumu zaidi. Sheria ya Uingereza inataka baiskeli ya aina hii iwe na breki ya mbele. Mwaka 2016, London, mwanamke alifariki baada ya kugongwa na kijana aliyekuwa kwenye baiskeli isiyo na breki hiyo. Mahakama haikumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ila ilimfunga miezi 18 kwa kosa la uendeshaji lililotungiwa sheria mwaka 1861, zama za magari ya farasi. Hapo usafi wa baiskeli bila waya hata mmoja unagharimu mtu ambaye hakuulizwa.

Fundi mmoja mtaani kwetu, anayefanya kazi chini ya mwarobaini, ana kopo la sproketi za nyuma zilizochakaa kwa viwango tofauti. Kijana muuza maji alimjia akitaka gia ya spidi. Fundi hakumjibu kuhusu spidi. Alimuuliza anabeba madumu mangapi, anapita kilima kipi, na breki zake zinashika? Madumu manne, akasema kijana, yaani kilo 80, na kilima ni kile cha shuleni. Mbele alikuwa na meno 44, nyuma 18. Fundi akamfungia 20. Kila mkanyago ukawa mwepesi kwa asilimia 10 hivi, na kila mzunguko ukawa mfupi kwa kiasi hicho hicho.

“Sasa si nitachelewa, mzee?”

“Utachelewa tambarare,” fundi akasema, akijifuta mikono. “Hizo breki nazo, kesho uje na mpira mpya.”