Wimbo Uliotoka Makumira



Katika Zaburi ya 137 twasoma habari za mateka kando ya mito ya Babeli. Waliowateka waliwataka waimbe nyimbo za Sayuni ili wao wafurahishwe nazo. Wakavitundika vinubi vyao mitini. Si kwamba walichukia kuimba. Bali waliona kwamba mtu akitakiwa wimbo wake bila kutakiwa yeye mwenyewe, hapo hapana urafiki. Twawasihi mlifikiri neno hili, kwa kuwa wageni wa ng'ambo huja Arusha kwa sikukuu za nyimbo na ngoma, na kwaya zetu nazo hualikwa kwao.

Sisi tukaao chini ya mlima Meru twajua jinsi ujirani huo ulivyoanza. Mwezi wa Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig, waliuawa Akeri, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Kisha serikali ya Wajerumani ikaleta askari. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wengi wa Meru na Arusha wakafa. Wafu walikuwa wa pande zote, ijapokuwa majina tuyatajayo ni mawili tu. Hata hivyo wamisionari walirudi, wakaanza kazi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Wakaleta nyimbo za kwao, na tarumbeta, nasi tukavipokea, na mpaka leo twavipenda. Lakini sauti za baba zetu zilikaa nje ya mlango wa kanisa miaka mingi. Wengine waliziogopa kwa sababu ya mambo ya kale, na hofu ile haikuwa ya bure kabisa. Wengine waliziona haya tu, na haya hiyo hatuwezi kuitetea.

Hata mwaka 1966, pale Makumira, mwanafunzi wa uchungaji, Bernard Kyamanywa, akautunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya kienyeji. Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha hapo, alizikusanya nyimbo za namna hiyo katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, mwaka 1968, naye ndiye aliyeufasiri wimbo huo kwa Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich Leupold, Mjerumani aliyehamia Kanada, akautungia maneno ya Kijerumani. Katika kitabu cha nyimbo kilichoanza kutumika katika makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani tangu 1993, wimbo huo ni namba 116. Na Walutheri wa Marekani wanao katika kitabu chao cha mwaka 2006.

Angalieni basi: nchi ile ile iliyotuma askari Meru, sasa watu wake huutangaza ufufuo kwa sauti iliyotoka kwetu. Nao hawakuutazama tu ukiimbwa na wengine. Walijifunza, wakauweka kinywani mwao.

Twasema kwa upendo: mara nyingi kwetu haiwi hivyo. Kwaya huvikwa shanga, hupangwa mbele, huimba kwa dakika chache, wageni hupiga picha, kisha twaagana. Hapo nani amempa mwenziwe kitu? Mtume Paulo alipotamani kuwaona Warumi, hakuandika kwamba atawafariji wao tu; alitumaini kufarijiwa nao pia, na yeye alikuwa mtume.

Basi mkialikwa kuimba na wageni, ombeni kwanza jioni moja ya kufundishana. Mfundisheni mgeni ubeti mmoja, na maana yake, na mahali pa kuitikia. Naye mwulizeni ni wimbo gani uliimbwa nyumbani kwao alipokuwa mtoto, mkajifunze huo, hata ukiwa mgumu. Na wale wazee wa mtaa wazijuao sauti za kale waiteni mapema, wakae mbele pamoja na wageni. Kwa kuwa kila mwaka twawazika wengine, na nyimbo zao hazijaandikwa.