Mbwa Mlangoni: Ni Haja au ni Fahari?

Tumeletewa suala na ndugu wawili, tumbo moja, na kila mmoja ataka jawabu lake. Wa kwanza ana shamba la minazi na mbuzi kiasi, nje ya mji wa Mombasa upande wa kaskazini. Mara tatu wezi wamemwingilia usiku wakachukua wanyama wake, na mara ya mwisho walimpiga kijana wake wa kuchunga. Ataka kuweka mbwa. Lakini mama yake, ambaye ni mtu mzima na akaa naye, amemwambia kwamba siku mbwa atakapoingia, yeye atatoka. Wa pili akaa mjini, ghorofa ya tatu, naye pia ataka mbwa, tena mkubwa wa kizungu. Alipoulizwa wa nini, alijibu kwamba siku hizi watu wa maana wote wanao. Tumeona ni kheri tuwajibu hadharani, kwani suala lao si lao peke yao.

Kabla ya hukumu yafaa tuondoe jambo moja njiani. Wengi katika sisi watu wa pwani twadhani kwamba dini imetuamrisha kumchukia mbwa. Mtoto hajahifadhi Alhamdu, lakini ameshajua kuokota jiwe amwonapo mbwa kichochoroni; na wazee walioketi barazani hutazama wasiseme neno, pengine hucheka. Hayo hayakutoka katika sharia. Najisi ni hukumu ya tohara, nayo yahusu nguo, chombo na mahali pa kusali. Damu itokayo katika miili yetu wenyewe ni najisi, wala hatujamwona mtu kwa sababu hiyo akauchukia mkono wake. Lau chuki ingekuwa ndiyo dini, Mwenyezi Mungu asingalimtaja mbwa wa Watu wa Pango pamoja na vijana wale wema, akamhesabu nao kila walipohesabiwa, naye amenyosha mikono yake kizingitini. Wala Mtume (s.a.w.) asingalitupa khabari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, na kwa tendo hilo akasamehewa. Masahaba walipouliza kama kuna ujira hata kwa wanyama, walijibiwa kwamba uko kwa kila chenye uhai.

Wala katika najisi yenyewe maulamaa si kauli moja. Imamu Shafi, ambaye sisi twafuata madhehebu yake, asema mbwa ni najisi mwili mzima, na kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik asema mbwa ni tohara, na kule kuosha chombo alichokilamba ni ibada tu. Kwa Abu Hanifa, kauli yenye nguvu ni kwamba najisi ni mate yake, si mwili wake. Twayataja haya si kwa kumwambia Mshafi aache kuosha mara saba; na aoshe. Twayataja ili ajue kwamba mwenziwe wa Moroko asiyefanya kama yeye hakutoka katika dini. Tena wako vijana wetu wasemao kwamba udongo uliwekwa kwa ajili ya kuua vijidudu vya maradhi. Huenda ikawa, lakini sisi hatupendi kuitundika sharia juu ya khabari za maabara, kwani khabari hizo hugeuka, na siku zikigeuka mtu huyo ataosha kwa hoja gani?

Sasa tuje kwenye kufuga. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mwenye kuweka mbwa, asiyekuwa wa mifugo, wala wa kuwinda, wala wa shamba, hupungukiwa kila siku na kirati ya thawabu zake, na katika mapokezi mengine kirati mbili. Ibn Umar alipoipokea hadithi hii alisema kwamba neno la shamba amelizidisha Abu Huraira, kwani Abu Huraira alikuwa mtu wa shamba. Wako waliodhani kuwa ni kumtuhumu. Maulamaa wamefafanua kuwa sivyo: mtu mwenye haja na jambo ndiye alihifadhiye hukumu yake. Imamu Nawawi, katika sherhe yake ya Muslim, ameuliza je, wa kulinda nyumba na njia? Akajibu kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba yafaa, kwa kukisia juu ya yale matatu, kwa kuwa sababu inayofahamika katika hadithi zote hizo ni haja.

Haja, basi. (Katika yale matatu, sisi wa Kenya hatuna tena la kuwinda, kwani uwindaji wa wanyama wa porini umekatazwa na Serikali tangu 1977.) Neno haja lina mfuko mpana, na mtu akiachiwa mwenyewe atatia humo kila akipendacho. Ndugu wa ghorofa ya tatu, tulipomweleza hadithi, aligeuza maneno papo hapo akasema kuwa naye aogopa wezi. Twamuuliza: mwizi gani huyo apandaye ngazi tatu, mbele ya milango ya majirani sita, asionekane? Na kama yuko, je, umeweka mlango wa chuma? Umeelewana na wenzio mumlipe mlinzi wa jengo? Mwenye haja ya kweli huanza na lililo karibu. Mbwa akiwa ndiye wa kwanza kufikiriwa, na rangi yake imeshachaguliwa kabla ya kazi yake, hiyo haiitwi haja, yaitwa fahari. Na kirati humpungukia mwenye fahari hata akimwita mbwa wake mlinzi.

Tena tazama hali ya mnyama mwenyewe. Ameumbwa apige mbio, anuse, azunguke. Naye atafungiwa chumbani tangu bwana wake atokapo kwenda kazini mpaka arudipo magharibi, akibweka kwa upweke. Ngazi ni moja kwa wote, na humo hupita watu waliokwisha kutawadha wakienda msikitini. Jirani mwenye mtoto mchanga hatalala. Haki ya jirani twaijua sote, wala hatuhitaji kuirefusha hapa. Kwa huyu jawabu letu ni kwamba asimweke.

Ndugu wa shamba yake ni mbali na hayo. Ana mifugo, ana shamba, na wezi wamekuja si mara moja: hadithi imemtaja waziwazi, hata hahitaji ukisio wa Nawawi. Lakini ruhusa ya kuweka mbwa haikuwa ruhusa ya kumtenda utakavyo, na hapa ndipo twaona watu wengi wamelala. Kuna desturi ya kumfunga mbwa mnyororo mchana na usiku, na kumpunguzia chakula makusudi ili awe mkali. Mtume (s.a.w.) ametupa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie akajitafutia. Tofauti ya paka yule na mbwa huyu iko wapi? Mbwa wa kulinda hahitaji njaa, ahitaji kufundishwa. Na Qurani katika Sura ya Al-Maida yahalalisha mawindo ya mnyama aliyefundishwa, jambo ambalo wanafunzi wetu wavivu wangelitazama vizuri, kwamba hata mbwa hupandishwa daraja kwa elimu.

Kisha kuna chanjo. Kichaa cha mbwa hakina mchezo. Shirika la Afya Duniani hukisia kuwa maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia, na kama wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishadhihiri, ni nadra mno mtu kupona. Lakini yazuilika: mbwa achanjwe kila mwaka, na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe, wala asianze kwa kuzunguka na dawa za majani. Chanjo ya binadamu Louis Pasteur aliitumia kwa mtoto wa miaka tisa huko Paris tangu 1885. Hatuoni udhuru wa mtu kufa leo kwa kukosa khabari. Asiyeweza gharama ya kumchanja mbwa wake, huyo hakuipata ruhusa, hata awe na mbuzi mia.

Na azeekapo? Mbwa huishi miaka kumi, kumi na miwili. Mwisho wake huwa haoni vizuri wala hasikii mwizi. Wangapi katika sisi humchukua mbwa wa namna hiyo wakamtupa karibu na soko? Wale mbwa wa mitaani tunaowalalamikia hawakuanguka kutoka mawinguni. Walikuwa na wenyewe, au mama zao walikuwa na wenyewe. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 309 H. (921), alitunga kitabu kizima kueleza ubora wa mbwa juu ya wengi katika wavaao nguo. Na mtu akimwona mbwa mzee aliyelinda zizi miaka kumi akirushiwa mawe sokoni, atamfahamu mwenye kitabu alikusudia nguo za nani.

Juu ya kumpata, kumbuka kuwa kwa Imamu Shafi mbwa hauzwi wala hanunuliwi, ingawa Abu Hanifa ameruhusu. Ndugu yetu ana majirani Wagiriama wafugao mbwa. Akiomba mtoto wa mbwa atapewa, na atakuwa ameepuka khitilafu bila taabu.

Limebaki la mama. Usimwambie kwamba asemayo ni ujinga. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa ni sahihi, na maulamaa wamekhitilafiana ndani yake: Khattabi asema ni mbwa asiyeruhusiwa, na Nawawi aona kuwa yamhusu kila mbwa. Basi mama ana Imamu nyuma yake. Nawe ruhusa unayo. Jengeni kibanda kando ya zizi la mbuzi, mbali na nyumba, upande usiopita njia ya kisimani wala mahali anapoanika mama nguo zake za kusalia. Chombo cha mbwa kiwe chake, kisirudi jikoni. Mbwa wa Watu wa Pango alikuwa kizingitini. Wako awe mbali zaidi ya hapo. Kisha mchukue mama umwonyeshe mahali hapo kabla mbwa hajaja, umwulize kama ameridhika, wala usingoje mpaka umwulize mbele ya mbwa aliyekwisha kufungwa. Akikataa hata hivyo, muda angali hai tafuta mlinzi wa usiku, mtu, umlipe. Na bei za mbuzi zilizoibiwa mara tatu zitakuonyesha kuwa mshahara wake hauzidi sana.