Grisi Iliyoganda



Mwezi uliopita familia moja ya parokia yetu iliniletea redio ya santuri ya marehemu baba yao, ile ya sanduku la mbao iliyokuwa ikikaa sebuleni kama kabati. Chini ya mfuniko mna mashine inayojibadilishia sahani. Unapanga sahani tano au sita juu ya kijiti cha katikati, inadondosha moja, mkono wa sindano unakuja wenyewe. Wimbo ukiisha mkono unarudi pembeni, na sahani ya pili inaangukia juu ya mwenzake.

Mji huu unadaiwa heshima na sahani hizo. Hapa Morogoro ndipo Salum Abdallah alipoijenga Cuban Marimba, na hapa Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa katika Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Wote wawili walichukuliwa na ajali za barabarani, mmoja 1965, mwingine 1979. Sauti zao zimebaki.

Tulipoiwasha, iliimba vizuri. Tatizo lilikuja mwishoni. Wimbo ulikwisha lakini mkono haukunyanyuka. Sindano ikawa inazunguka kwenye mfuo wa mwisho, kwaru, kwaru, kwaru, huku sahani nyingine zikingoja juu.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, jirani na Soko la Chifu Kingalu. Akaipindua, akamulika kwa tochi, akasema, "Padri, hapa hakuna kilichovunjika. Imefungwa na grisi yake yenyewe." Grisi ile iliwekwa kiwandani ili vyuma viende bila kusuguana. Imekaa miaka mingi bila mkono wa mtu, ikaganda, ikawa kama ulimbo. Alasiri nzima aliikwangua kwa kijiti na kusugua kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti. Palipohitaji mafuta akatia kidogo. Lakini kuna kichuma kimoja chepesi, ndicho kinachotambua kwamba wimbo umekwisha na kuiamsha mashine ibadilishe. Hicho alikirudisha kikavu, bila hata tone.

Tangu siku ile kichuma hicho na grisi iliyoganda havinitoki akilini, maana watu nao huganda hivyo. Huko juu milimani nimekaa vikao vya ndugu wanaogombea mpaka wa shamba la ukoo. Walioanza ugomvi wamekwisha kuzikwa, na udongo wenyewe mvua imeuteremsha bondeni, lakini salamu bado hakuna. Ukiuliza wanachokilinda, utaambiwa ni heshima ya ukoo. Ni kitu chema! Wazee waliiweka ili ndugu waishi bila kusuguana, na sasa imeganda, ndiyo inayowazuia kunyanyua mkono. Hata sala huganda hivyo. Nami nimewahi kusali miezi mingi kwa mdomo tu, nikidhani nipo salama kwa sababu sijakosa siku hata moja.

Yeremia alipelekwa kwa mfinyanzi akaone chombo kilichoharibika mikononi mwake. Mfinyanzi hakwenda kutafuta udongo mwingine, aliufinyanga uleule. Ndivyo nilivyomwona mzee wetu akifanya. Hakuna kipya alichonunua zaidi ya ile spiriti.

Jambo moja zaidi. Mashine hii, pamoja na werevu wake wote, haiwezi kugeuza sahani. Nyimbo nyingi ndefu za miaka ya 1970 ziligawanywa pande mbili, na asiyeinuka kwenye kiti kwenda kugeuza hubaki na nusu ya wimbo. Nawasihi ninyi mnaoishi na nusu ya habari juu ya ndugu yenu: inukeni wiki hii, mwende nyumbani kwake, mkaisikilize nusu aliyo nayo yeye.

Jumamosi nitakuwa kitubioni tangu saa tisa alasiri, na sitaondoka hadi mtu wa mwisho amalize.