Nyosheni Kingo, Enyi Maseremala

Ndugu zangu maseremala, mlioko Keko, mlioko kando ya Ngong Road, nanyi mnaochapa kazi chini ya mwembe kijijini kwa benchi moja na randa moja, nisikilizeni. Ipo dhambi inayotendeka kwenye karakana zetu kila siku, nayo hufunikwa kwa vanishi. Ubao wa mninga unatoka msumenoni ukingo wake umepinda, na fundi anaupaka gundi hivyo hivyo. Anakaza klampu kwa nguvu zake zote mpaka nyufa zifumbe. Palipokataa kufumba anashindilia unga wa mbao uliokorogwa na gundi, anapiga msasa, anapaka rangi, anamkabidhi mteja. Mteja anashukuru na kulipa. Kiangazi kikiingia, mbao zinakauka, na meza inaachia palepale kwenye kiungo.

Msiilaumu gundi! Gundi nyeupe ya mbao haikutengenezwa kujaza mapengo. Nguvu yake imo katika utando mwembamba kati ya mbao mbili zinazogusana kila mahali. Ikikauka hapo, ukijaribu kuvunja, aghalabu ubao hupasuka kando na kiungo kikabaki kizima. Nayo klampu kazi yake ni kushikilia. Ubao uliolazimishwa kunyooka hauachi kuvuta kurudia upindo wake, usiku na mchana, mpaka siku utakaposhinda.

Basi shika randa, ndugu yangu. Kwanza inoe, kwa maana kisu butu hakikati, hunyofoa. Tazama nyuzi za ubao zinapandia wapi kuuelekea ukingo, nawe sukuma kufuata huko zinakopanda. Bana ubao kwenye jiliwa, ukingo ukiwa juu. Unapoanza, kandamiza mbele ya randa. Unapomaliza, kandamiza nyuma. Ukisahau hilo, ncha zote mbili zitaliwa na katikati patabaki kilima.

Chukua randa ndefu kuliko zote ulizonazo. Randa fupi hushuka na bonde na kupanda na kilima, ikilainisha upotovu bila kuuondoa. Ile ndefu, ya inchi 22, huegemea vilima viwili kwa pamoja na kuvikata, bonde ikiliacha mpaka vilima vimelishukia. Yohana Mbatizaji alihubiri mabonde yajazwe na vilima vishushwe. Sisi wenye randa tumepewa nusu tu ya amri hiyo: hatuwezi kujaza bonde, tunaweza kushusha kilima. Kwa hiyo usihangaike na palipopungua. Shughulika na palipozidi, na uwe na subira, mpaka randa itoe utepe mmoja usiokatika kutoka ncha hadi ncha.

Kisha weka skwea. Ishikilie kwenye uso wa ubao, uinue ubao kwenye mwanga, uangalie mwanzo, kati na mwisho. Mwanga ukipenya upande mmoja, ule mwingine uko juu. Sogeza randa huko juu ukaupunguze huo peke yake.

Na kama mkono wako bado haujazoea pembe mraba, iko rehema. Funga mbao zako mbili kama kitabu, nyuso zitakazokuwa juu ya meza zikitazamana, uzibane pamoja na kuzipiga randa kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata randa ikilala kidogo, ubao mmoja utapata nyuzi 89 na mwenzake 91. Ukizifungua na kuziunganisha, jumla ni 180, na meza inakaa tambarare. Kosa la huyu limefidiwa na la yule! Lakini usiitumie rehema vibaya: inasamehe mlalo wa pembe, haisamehe kupinda kwa urefu. Bonde katika kingo zote mbili huwa pengo maradufu zinapokutana.

Najua mtakalosema: mteja halipii kitu asichokiona. Fungueni Isaya sura ya 44. Yupo pale seremala anayenyosha uzi, anayechora, anayepima kwa bikari, na kazi yake yote ni sanamu, mungu asiyeweza kumwokoa mtu. Ikiwa aliyechonga uongo alipima kwa uangalifu kiasi hicho, sisi tunaotengeneza kitanda atakacholalia mgonjwa na dawati atakaloandikia mtoto tuna udhuru gani wa kukisia kwa macho? Mteja hajui kuutazama ukingo. Ndiyo sababu amekuja kwako. Amekukabidhi fedha yake pamoja na kutojua kwake, na vyote viwili ni amana. Tena yupo mwanagenzi amesimama pembeni anakutazama. Ukijaza pengo kwa unga wa mbao leo, umemfundisha, na yeye atawafundisha wengine.

Basi ndugu zangu, kabla ya kugusa gundi, simamisheni ubao juu ya ubao, ukingo kwa ukingo, mkaweke taa nyuma yake. Uzungusheni kidogo ule wa juu. Ukizunguka kama uliotundikwa katikati, kilima kingalipo. Mwanga ukipita, msione haya, wala msitafute unga wa mbao. Rudisheni ubao kwenye jiliwa, mshike randa, mnyoshe tena.