Tawi Lisiringe



Somo letu wiki hii ni Warumi sura ya 11. Naomba tulisome polepole, maana ni somo ambalo wengi wetu huliruka. Waraka huu tunaupenda hadi mwisho wa sura ya 8, pale Paulo anapotuhakikishia kwamba hakuna cha kututenga na upendo wa Mungu. Kisha tunakimbilia sura ya 12, kwenye mambo ya kuishi Kikristo. Katikati zimebaki sura tatu ambazo Paulo aliziandika moyo ukimuuma, na zote zinazunguka swali moja: je, Mungu amewaacha Wayahudi?

Kwenye jumuiya swali hili huulizwa kwa namna nyingine. Kama Wayahudi ndio taifa teule, na wengi wao hawakumpokea Yesu, ile ahadi aliyopewa Ibrahimu imekwenda wapi? Majibu hayakawii. Mmoja atasema ahadi sasa ni ya Kanisa, wenyewe walichezea nafasi yao. Mwingine atasema bado ni yao, ila imefungiwa kabatini mpaka watubu. Wa tatu, ambaye pengine amekesha na wahubiri wa kwenye simu, atakuchorea vita vijavyo na kukutajia hadi mwaka. Nikimsoma Paulo, sioni kama hata mmoja wao angetoka na alama nzuri.

Paulo aliandika akiwa Korintho, yapata mwaka 57. Miaka michache kabla ya hapo Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi mjini Rumi, na ndiyo sababu Akila na Priskila, washona mahema, tunawakuta Korintho katika Matendo 18. Klaudio alikufa mwaka 54, na Wayahudi wakaanza kurejea. Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanausoma waraka huu wakiwa na picha hiyo mbele yao: Wakristo wa mataifa wamebaki wenyewe miaka kadhaa, wameshika uongozi, wamezoea kufanya mambo kwa namna yao, halafu wale waliowatangulia katika imani wanabisha hodi na kupokelewa kama wageni. Mgogoro wa vyakula na siku katika sura ya 14 unaeleweka vizuri zaidi ukiuweka hapo. Na karipio la sura ya 11 vilevile.

Karipio lenyewe amelipitisha kwenye mti wa mzeituni, na hapa Njombe tuna bahati, kwa kuwa mkulima yeyote wa parachichi anaijua kazi anayoitaja Paulo. Mbegu ya parachichi la kienyeji unaiotesha kwenye kiriba. Shina likifikia unene wa penseli unalikata juu, unalipasua kidogo katikati, unachomeka kikonyo cha Hass ulichokichonga kama kabari, unafunga kwa nailoni hewa isiingie, unasubiri. Shina la kienyeji ndilo linalobeba, maana lina mizizi migumu; tawi la thamani ndilo linalobebeshwa. Sasa mtu aje kitaluni na kikonyo cha mti wa porini, aseme anataka kukibebesha kwenye shina bora lililotunzwa miaka mingi. Watamuuliza kama yu mzima. Paulo anasema hivyo ndivyo Mungu alivyofanya, na katika mstari wa 24 anakiri kabisa kwamba kazi ya namna hii ni kinyume cha asili.

Kikonyo cha porini ni sisi. Shina lilikuwapo kabla yetu: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, manabii, zaburi tunazoimba, Masihi mwenyewe kwa jinsi ya mwili. Kwa hiyo Paulo anatuonya tusijisifu juu ya matawi yaliyokatwa, kwa sababu hatuubebi mzizi, mzizi ndio unaotubeba. Tena anaongeza la kutia hofu: kama Mungu hakuyahurumia matawi ya asili, hatuna sababu ya kudhani sisi tuna kinga. Na yale yaliyokatwa, kuyarudisha kwenye mti wao si kazi ngumu kwake. Myahudi kumwamini Masihi wa Kiyahudi halikuwa jambo la kumshangaza Paulo. Alishangazwa na Mrumi, na bila shaka angeshangazwa zaidi na Mbena, kuitwa mtoto wa Ibrahimu.

Basi toba inakaa wapi? Wanaosema ahadi inasubiri toba hawakulitunga jambo hili kichwani. Kumbukumbu la Torati 30 inasema wazi kwamba Israeli waliotawanyika wakimrudia Bwana, naye atawarudisha. Manabii wanaita watu warudi. Na Amosi, sura ya 3, anasema jambo ambalo taifa teule lolote lisingependa kulisikia: kwa sababu ninyi ndio niliowajua, nitawaadhibu. Ndiyo maana yake, kwa maneno yangu. Uteule haukuwakinga na Babeli.

Lakini fungua Ezekieli 36 uangalie jinsi mambo yanavyofuatana. Watu wako uhamishoni. Mungu anawaambia bila kuwabembeleza kwamba hatendi kwa ajili yao, anatenda kwa ajili ya jina lake takatifu lililotiwa unajisi kati ya mataifa. Kisha anaorodhesha atakayoyafanya: atawakusanya, atawanyunyizia maji safi, atawaondolea moyo wa jiwe na kuwapa wa nyama, atatia roho yake ndani yao, watakaa katika nchi, nafaka itazidi. Yote hayo kwanza. Mstari wa 31 ndio unaosema kwamba hapo watazikumbuka njia zao mbaya na kujichukia kwa maovu yao. Toba imekuja baada ya wema, huku ghala limejaa. Paulo aliyejifunza manabii tangu utoto alijua hivyo. Katika Warumi 2 anasema ni wema wa Mungu unaomvuta mtu kwenye toba.

Yeremia 31 nayo tuisome hadi mwisho. Tunaipenda kwa sababu ya agano jipya, na tunalitaja kila tunapoinua kikombe. Agano hilo limetajwa kwamba ni pamoja na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Na mara baada yake, mistari ya 35 hadi 37, Mungu anaweka rehani jua, mwezi na nyota: hizo amri za mbinguni zikikoma, ndipo uzao wa Israeli nao utakoma kuwa taifa mbele zake. Ahadi iliyofungwa kwa namna hiyo siwezi kusimama madhabahuni niseme imehamishiwa jina lingine.

Petro aliielewa ahadi hiyo aliposimama kwenye ukumbi wa Sulemani, Matendo 3. Tukumbuke ni nani anayehubiri toba pale: mtu aliyemkana Bwana mara tatu mbele ya moto wa makaa, wiki chache tu nyuma. Anawaita wasikilizaji ndugu. Anasema walitenda kwa kutojua, wao na wakuu wao. Anawaambia watubu. Na sababu anayowapa katika mstari wa 25 ni kwamba wao ni wana wa manabii na wa agano lile Mungu aliloagana na baba zao. Warithi wanaitwa nyumbani kwao.

Ilitakiwa Kanisa lihubiri hivyo siku zote. Historia inatuumbua.

Yohana Krisostomo, yule aliyeitwa kinywa cha dhahabu kwa ufasaha wake, alihubiri kule Antiokia mwaka 386 na 387 mfululizo wa mahubiri dhidi ya Wakristo waliokuwa wakienda kusali na Wayahudi siku za sikukuu zao. Aliyoyasema kuhusu sinagogi sitayarudia hapa. Na sisi Walutheri tusimnyooshee kidole. Luther aliandika mwaka 1523 kijitabu kilichowakumbusha Wakristo kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, akataka Wayahudi watendewe kwa upole. Mwaka 1543 akaandika kingine, akiwashauri watawala wachome masinagogi, wabomoe nyumba, wanyang'anye vitabu, wawakataze marabi kufundisha. Mkono ni uleule uliotufafanulia kuhesabiwa haki kwa imani.

Liko jambo moja la ibada ambalo limenikaa kichwani kuliko hayo. Katika Makanisa mengi ya Kilutheri Ujerumani, Jumapili ya kumi baada ya Utatu ilikuwa ya kukumbuka maangamizi ya Yerusalemu ya mwaka 70. Injili ya siku hiyo ilikuwa Luka 19: Yesu anaukaribia mji, anauona, analia. Na pamoja nayo yalisomwa masimulizi marefu ya jinsi mji ulivyoteketea, yaliyokusanywa na Bugenhagen, mchungaji wa Luther mwenyewe pale Wittenberg. Fikiria usharika umekaa kwenye mabenchi. Bwana analia katika Injili, nao wanasikiliza masimulizi kama hukumu iliyowastahili wengine. Vizazi kwa vizazi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa kote Ujerumani, na askofu wa Thuringia, Martin Sasse, akatoa kijitabu cha kushangilia kwamba yamewaka siku aliyozaliwa Luther.

Toba ilipokuja, ilikuja kwa kujikokota. Tamko la Stuttgart la Oktoba 1945, ambamo viongozi wa Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani walikiri hatia yao, halikuwataja Wayahudi hata mara moja. Ilibidi ifike Aprili 1950, sinodi ya Berlin-Weissensee, ndipo waliposema kwamba kwa kutotenda na kwa kunyamaza walishiriki hatia mbele ya Mungu kwa yale waliyotendewa Wayahudi. Na ndani ya tamko hilohilo walikiri kwamba wanaamini ahadi ya Mungu kwa Israeli imeendelea kusimama hata baada ya kusulubiwa kwa Kristo. Toba na ahadi kwa Wayahudi zimekaa kwenye karatasi moja, ila safari hii anayetubu ni Kanisa. Wakatoliki walifika hapo kwa njia yao: tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965 lilikataa kuwabebesha Wayahudi wote mateso ya Yesu, na limesimama wazi juu ya Warumi 11. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakana rasmi maandishi yale ya Luther ya 1543 mwaka 1994. Miaka 451!

Na Wayahudi wenyewe hutubuje? Katika Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, wakiwa wamefunga tangu jioni iliyotangulia, alasiri husomwa kitabu cha Yona. Kati ya vitabu vyote. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, taifa lililowaumiza, unatubu kuanzia mfalme hadi ng'ombe waliovishwa magunia, huku nabii wa Israeli amenuna chini ya kibanda chake. Siku iliyo takatifu kuliko zote wamekubali kufundishwa toba na watu wa mataifa. Sisi sijui ni lini tulimsoma Myahudi kama mwalimu wetu wa toba kwenye Kwaresima. Na Mishna ina fundisho ambalo Zakayo angelielewa mara moja: Siku ya Upatanisho haiondoi kosa ulilomtendea mwenzako mpaka umwendee umridhishe.

Kwetu hapa hatukuchoma sinagogi. Lakini Ijumaa Kuu maneno kwamba Wayahudi walimwua Yesu hutoka mdomoni kirahisi mno, kana kwamba Pilato alikuwa mpita njia na msalaba haukuwa adhabu ya Kirumi. Tazama maigizo ya Pasaka. Kundi linalopiga kelele asulubiwe hufungwa vilemba na kuitwa Wayahudi. Mariamu, Yohana na Yesu mwenyewe huvikwa mashuka meupe, na hakuna mtoto pale mbele anayejua kwamba hao nao ni Wayahudi. Vijana wa kwaya, mwaka huu hilo tulirekebishe mapema.

Wapo pia walioangukia upande wa pili, bendera ya Israeli madhabahuni na chupa ya mafuta kutoka Yerusalemu kwa bei ya kuumiza. Ahadi ya Mungu si cheti cha kila serikali. Waliowakemea wafalme wa Israeli kwa ukali kuliko wote walikuwa Waisraeli, tangu Nathani na Eliya. Na Bethlehemu wako Wakristo Wapalestina, wengine Walutheri kama sisi, ambao machozi yao hayawezi kufutwa kwa kunukuu Warumi 11.

Je, tuwaombee Wayahudi? Paulo aliwaombea, sura ya 10 mstari wa 1, na hakuficha kwamba aliomba waokolewe. Ila kabla ya hapo, mwanzoni mwa sura ya 9, alisema angekuwa tayari yeye mwenyewe kutengwa na Kristo kwa ajili yao, kama Musa alivyotaka jina lake lifutwe. Ombi lililotoka kwa mtu wa namna hiyo halifanani na lile la anayeombea jirani akiwa amemkunjia uso.

Jumapili hii sala ya Kanisa nimeiandika upya. Inaanza kwa shukrani: kwa Ibrahimu na Sara, kwa sheria na manabii, kwa zaburi, kwa Mariamu, kwa Yesu aliyetahiriwa siku ya nane. Inafuata sehemu ya kuungama, ambayo ni ndefu kuliko mlivyozoea. Mwisho ndipo tunapowaombea Wayahudi, na ombi lenyewe ni mstari mmoja, kwamba Mungu awatimizie yote aliyowaahidi baba zao. Wazee wanaoongoza ibada ya kwanza wachukue nakala ofisini Jumamosi, waisome mara mbili kabla ya kusimama.